Mzee Anayepaliwa Apimwe Mapema

Katika nyumba nyingi, mzee anapopaliwa wakati wa kula, watu humpigapiga mgongoni, humpa maji, kisha mlo huendelea, kwa sababu inaaminika kwamba kupaliwa ni sehemu ya uzee kama mvi. Mimi naipinga imani hiyo. Ni kweli kwamba umri hudhoofisha misuli ya ulimi na kuchelewesha kumeza, na kwamba dawa nyingi wanazotumia wazee hukausha mate. Lakini mzee anayekohoa kila anapokunywa, ambaye sauti yake hugeuka na kusikika kana kwamba ina maji baada ya chai, au ambaye anakonda huku mlo wake ukichukua muda mrefu kuliko zamani, ana dalili za tatizo linalopaswa kutafutwa, hasa ikiwa amewahi kupata kiharusi au ana ugonjwa wa Parkinson, yaani ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa misuli.

Tunapomeza, pumzi husimama kidogo, kikoromeo hupanda, kidakatonge huifunika njia ya hewa na nyuzi za sauti hufungana, na yote hayo hukamilika kwa muda wa takriban sekunde moja. Hatua moja ikichelewa, chakula au mate yenye bakteria huteremka mapafuni na huweza kuleta nimonia. Japani, nchi yenye wazee wengi mno, imekuwa ikiitaja nimonia hiyo peke yake katika takwimu zake za vifo tangu 2017.

Vipimo vinavyotegemewa zaidi ni viwili: eksirei ya video, ambapo mgonjwa humeza chakula kilichochanganywa na bariamu, kitu kinachoonekana wazi kwenye eksirei, na kamera nyembamba inayopitishwa puani, ambayo mtaalamu wa kumeza wa Marekani, Susan Langmore, na wenzake waliieleza mwaka 1988. Vyote viwili vinahitaji mitambo na wataalamu ambao katika nchi zetu hawapatikani nje ya hospitali chache kubwa. Kwa mzee aliyelazwa katika hospitali ya wilaya, kusema kwamba tusubiri kipimo hicho ni sawa na kusema hatapimwa kabisa.

Ndiyo maana nathamini sana vipimo visivyoingiza kifaa chochote mwilini. Wajapani wana kimoja kinachohitaji saa na vidole tu: mpimaji huweka vidole vyake juu ya kikoromeo, humwomba mzee ameze mate mara nyingi kadiri awezavyo kwa sekunde 30, na ikiwa hakufikisha mara 3, humshuku. Kingine, kilichochapishwa Marekani mwaka 1992, ni cha kunywa maji takriban mililita 90 bila kusimama, huku mpimaji akisikiliza kikohozi na sauti kwa dakika moja baadaye. Waaustria, katika kipimo walichokitoa mwaka 2007 kwa ajili ya wagonjwa wa kiharusi, huanza na mate, kisha chakula kizito mfano wa uji mzito, ndipo maji, na mwisho mkate. Na utaratibu huo naona una busara, kwa kuwa maji huteremka haraka kuliko koo dhaifu linavyoweza kujifunga. Sioni sababu ya mgonjwa wa kiharusi kupewa kikombe chochote wodini kabla muuguzi aliyefundishwa hajampima kwa njia mojawapo ya hizi.

Hata hivyo, vipimo hivi vina upungufu mkubwa. Wapo wazee ambao chakula huingia katika njia ya hewa bila wao kukohoa hata kidogo, na hao wanaweza kufaulu kipimo cha maji ilhali mapafu yao yanadhurika. Wengine wamepoteza kumbukumbu kiasi kwamba hawawezi kufuata agizo la kumeza mara kwa mara. Hapa ndipo ninapoyaona matumaini katika utafiti wa vipaza sauti vidogo na vihisi vya mtetemo vinavyobandikwa shingoni, ambavyo hurekodi umezaji na kuachia akili mnemba ichambue. Kifaa cha namna hiyo hakimtaki mzee atii amri yoyote. Kinaweza kumsikiliza akila mlo wake wa kawaida. Sharti langu ni kwamba kijaribiwe kwa wazee wagonjwa, katika wodi zenye kelele, kwani koo la kijana mwenye afya halifundishi mashine mengi kuhusu koo la mtu wa miaka 80. Nawaonya pia wanaotegemea kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni: ushahidi haujathibitisha kwamba kinaweza kugundua chakula kilichopotea njia.

Linalonisumbua zaidi ni yanayofuata baada ya kipimo. Mzee akishukiwa, huamriwa vinywaji vilivyofanywa vizito ili visiteremke haraka, na kwa kuwa wengi hawavipendi, hunywa kidogo na kuishiwa maji mwilini. Kumketisha wima na kumsafisha kinywa kila siku hakuna gharama wala madhara hayo, na kunapaswa kuanza papo hapo. Aidha, wagonjwa wengi wa kiharusi hupata nafuu ya kumeza katika wiki za mwanzo, na kipimo kisicho na mionzi wala mpira puani kinaweza kurudiwa hata kila siku. Kwa hiyo, kila katazo la maji linaloandikwa kwenye faili la mzee liandikwe pamoja na tarehe ya kumpima tena.