Misuli ya mtoto huimarika kwa kutumika
Makala niliyoisoma inadai kwamba mtoto mwenye utindio wa ubongo, yaani athari katika ubongo unaokua inayovuruga misuli na mwendo, asipewe mazoezi ya nguvu kwa kuwa yatazidisha kukakamaa kwa misuli, na kwamba kumnyoosha viungo kunatosha. Hofu hiyo ilitawala zamani hata miongoni mwa wataalamu, lakini tafiti za miongo ya karibuni hazikuithibitisha, na niliyoyaona kwa binti yangu yanakwenda kinyume nayo kabisa. Kwa miaka miwili alilazwa chali akinyooshwa miguu, naye alikuwa mpokeaji tu. Mabadiliko yalianza pale mtaalamu mwingine alipomtaka ainuke mwenyewe kutoka kwenye kigoda, mara 5, baadaye 10, huku kimo cha kigoda kikipunguzwa kadiri mapaja yalivyopata nguvu, na kila aliposimama alibandika kipande kimoja cha picha ukutani, kwa sababu mtoto hujituma kwa ajili ya jambo analolitaka yeye, si kwa ajili ya hesabu za mtu mzima. Sisemi kwamba kila mtoto atatembea. Ule mfumo wa ngazi 5 za uwezo wa mwendo, uliochapishwa mwaka 1997, unaonyesha jinsi watoto hawa wanavyotofautiana, na kwa aliye ngazi ya tano, yenye uwezo mdogo kuliko zote, kuweza kushikilia kichwa chake akiwa ameketi ni hatua kubwa mno. Je, wazazi wenzangu, watoto wenu wanafanya mazoezi wenyewe, au bado wanafanyiwa?