Nyimbo za Krismasi hazina kosa, kosa ni zile spika za darini madukani

Kila mwaka ikikaribia Desemba malalamiko yanaanza, jamani hizi nyimbo tena, na mimi kwa miaka mingi nimekuwa upande wa walalamikaji kabisa. Sababu ninayo. Msimu mmoja wa sikukuu nilifanya kazi dukani, mwenye duka ana sidii moja tu, ya dakika kama 40 hivi, sisi tunakaa pale masaa 10, piga hesabu mwenyewe, kila wimbo unapita mara 15 kwa siku, na kesho hivyo hivyo, na keshokutwa. Ilipofika wiki ya pili nilikuwa najua kengele zinaingia wapi, nafunga zawadi ya mteja na mkono unasimama wenyewe kuzisubiri zile kengele ndo uendelee. Mteja anaingia dakika kumi anatoka anasema hapa kuna raha ya sikukuu, na hadanganyi, kasikia wimbo mara moja na ni mzuri. Mimi nimeusikia mara ya tisa na saa nane mchana bado haijafika.

Kwa hiyo mtu akisema anazichukia nyimbo za Krismasi mimi kwanza namuuliza unazisikilizia wapi. Mwanasaikolojia Robert Zajonc mwaka 1968 alionesha kwamba kitu ukikutana nacho mara nyingi unaanza kukipenda, kwa kule kukizoea tu, ila waliochunguza baada yake wakaona kuna mahali ukipita mapenzi yanashuka. Redio na maduka wanaijua sana ile nusu ya kwanza, hii ya pili wanamwachia muuzaji aibebe.

Lakini upande wa wanaozipenda nao una hoja nzito. Wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey ulitoka 1994, umekuja kushika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani Desemba 2019, miaka 25 baadaye! Sasa hapo huwezi kusema ni redio peke yake zinatulazimisha, kuna watu wengi mno wanaingia wenyewe mtandaoni kuutafuta na kuubonyeza, na naamini wengine ni hawa hawa tunaolalamika nao. Mtu ana mwaka mgumu, hajamwona ndugu yake miezi yote, anataka sauti moja anayoijua tangu mtoto, utamnyima kwa sababu gani?

Lalamiko ambalo silipunguzi hata kidogo ni la maneno. Theluji, theluji, theluji, na mamilioni ya wanaoimba hawajawahi kuigusa. Hilo bado dogo. Mwaka 1984 wanamuziki wa Uingereza na Ireland walitoa wimbo wa kuchangia njaa ya Ethiopia, nia njema kabisa na hela nyingi zilipatikana, ila wimbo unauliza kama wale watu wanajua kuwa ni Krismasi. Ethiopia! Ukristo uko kule tangu karne ya nne. Wimbo unapigwa mpaka leo na mtu akinung'unika anaambiwa hana roho ya sikukuu, hapana, huyo anasikiliza maneno, wengine tunasikia biti tu.

Sasa kilichonibadilisha mimi ni tv. Jioni moja nimekaa na mama sebuleni, anakunja nguo, tv inaonesha tamasha la kwaya, ukaingia wimbo ule ule wa kwenye sidii ya dukani, na mimi karibu nibadilishe chaneli. Kamera ikaenda mstari wa nyuma, kuna mama mtu mzima wa sauti ya pili, ubeti wa mwisho kafunga kitabu, kafumba macho, anaimba na kidevu kinatetemeka. Mama yangu akaiacha shati mapajani akaingia naye sauti ya pili, chini chini. Wimbo nilioapa sitaki kuusikia tena maishani, nikaomba usiishe.

Nimeifikiria sana jioni ile. Naona tofauti ni kwamba kwenye tv wimbo una mwanzo na mwisho, una uso wa mtu anayevuta pumzi, na wewe umekaa kwa kupenda kwako. Hivyo ndivyo nyingi zilivyozaliwa. Ule wa Usiku Mtakatifu uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 kule Oberndorf, Austria, padri Joseph Mohr na mwalimu Franz Gruber, sauti mbili na gitaa moja. Haukutungwa utoke darini mtu akiwa anatafuta soksi.

Wapo wanaosema tv inatudanganya, na wana haki. Chukua kwaya ya King's College, chuo cha pale Cambridge, Uingereza, ibada yao ya mkesha inaenda laivu redioni tangu 1928, na yule mtoto anayeanza kuimba peke yake haambiwi mapema ni nani, mwalimu anamwonesha kwa mkono dakika ileile wanapoingia hewani, ukiwaza hilo unashika roho. Kipindi chao cha tv, kilichoanza 1954, ni kitu kingine, siku hizi kinarekodiwa siku kadhaa kabla. Na matamasha ya mastaa mengi ni kufungua mdomo tu sauti imeshapigwa studio. Hilo la pili linaniudhi kweli. La kwanza hapana, kwa sababu yule mtoto kwenye rekodi anaimba kweli, shingo unaiona.

Hoja inayonipa shida zaidi ni kwamba tv inatufanya watazamaji, nyimbo za kuimba sote tunakaa kimya tukiangalia wanaojua. Ni kweli kwa nyumba nyingi, kwetu siku ile haikuwa, lakini mama alikuwa kwaya miaka ishirini, asiye na mama wa hivyo je?

Mimi ninachodai ni viwili. Wenye maduka wazime hizo spika hata lisaa limoja mchana wafanyakazi wapumue masikio. Na watu wa tv waache kupandisha majina ya waandaaji na kukata kwenda matangazo kwenye ubeti wa mwisho, pale pale sauti ya kwanza inapopanda juu ya wengine wote, yaani ndo kitu tulichokaa saa nzima tukikisubiri.