Friji Linasikia Baridi

Tulipohama Tabata kuja Njombe, friji letu lilisafiri juu ya fuso limezungushiwa magodoro kama mgonjwa. Dar lilikuwa punda wa kazi, linanguruma usiku na mchana. Huku jiko ni dogo, basi nikaliweka stoo ya nyuma: kuta za mabati, dirisha halina kioo, majirani zake magunia ya viazi.

Mwezi wa sita ukaingia. Njombe ya mwezi wa sita unalala na sweta, soksi na blanketi mbili, na bado unaamka umejikunja kama kambale sokoni.

Alhamisi nikanunua kilo 6 za mbuzi, wageni wanakuja Jumapili. Ijumaa jioni nafungua friza, nyama imelegea kama maini, maji mekundu yanachuruzika. Ajabu, huku chini nyanya zina ubaridi wake safi kabisa! Nikazungusha themostati kutoka 3 hadi 7. Nikachomoa, nikachomeka. Nikalizaba makofi mawili ya ubavuni, ufundi ambao kila mwanaume huzaliwa nao. Kimya.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Lupembe, akachungulia.

“Baba, hilo friji linasikia baridi. Lifunike.”

Mkwe hachekwi mbele yake. Nilikwenda kucheka chooni.

Jumamosi akaja fundi. Alitega sikio tu: “Gesi imeisha, bosi.” Shilingi 80,000. Alipomaliza ilikuwa saa saba mchana, jua limeyapiga mabati, kompresa ikanguruma, tukapeana mikono. Jumapili alfajiri nakuta nyama inaogelea, na friji limevikwa blanketi. Blanketi langu. Mbuzi wote akaingia sufuriani kabla ya jogoo wa pili.

Jumatatu nikamleta fundi mwingine, mzee asiye na haraka. Akaning'iniza kipimajoto stoo, akaomba chai. Kikombe kilipoisha kipimajoto kilisema nyuzi 7.

“Friji lako zima,” akasema. “Kompresa ni moja kwa vyumba vyote viwili, na themostati inasikiliza huku chini tu. Chini kukishapoa, inazima mashine. Sasa stoo yenyewe ina nyuzi 7, iiamshe kompresa ya nini? Na barafu ya juu inataka chini ya sifuri. Nyuzi 7 kwake ni jua la Tabata.”

“Na gesi niliyojaziwa?”

Akatazama kikombe. Mafundi hawasemani.

“Lipeleke ndani kwenye joto. Na hilo blanketi toa, halina moto wake lenyewe, litaziba tu mgongo ambako friji linatolea joto.”

Nikashusha sauti. “Kwa hiyo, mzee, friji... lilikuwa linasikia baridi?”

“Ndiyo hivyo.”

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi kimoja, kifupi, cha mtu asiye na mafua.

Sasa friji liko sebuleni, kati ya kochi na televisheni, limetandikwa kitambaa cha kufuma. Nyama ni jiwe. Tatizo ni taarifa ya habari: mtangazaji akifika penye utamu, kompresa nayo inaanza kunguruma. Na kila ikianza, mama mkwe huligeukia friji, akaliitikia salamu kwa Kibena, kwa heshima zote:

“Kamwene.”