Hiyo Picha ya Kahawa Haionyeshi Mpira wa Maji

Imeletwa tena ile picha. Dirisha la karavani, lile gari la kulala na kuishi, theluji nje, kikombe cha kahawa kinafuka moshi, miguu miwili ndani ya soksi za sufu, na chini yake neno moja: "Uhuru." Safari hii imeletwa na shemeji, na swali juu yake: "Kwani huko si mnastarehe tu?"

Mtu mwenye heshima zake hunyamaza. Mimi nauliza tu, kwa adabu: hayo maji ya kahawa yalitoka wapi?

Maana anayelala kwenye karavani mwezi wa Januari anajua kwamba maji ya asubuhi hupangwa tangu jioni. Mpira wa maji ukiachwa umeungwa kwenye bomba la kambi usiku kucha, alfajiri umejaa barafu, na ukilazimisha kuukunja unapasuka. Kwa hiyo jioni unajaza tangi la ndani, unafungua mpira, unaunyanyua kuanzia ncha moja mpaka nyingine ili umwage tone la mwisho, unauviringisha na kuuingiza ndani, kisha usiku unatumia pampu. Kuna mpira wenye waya wa kupasha joto, sikatai. Lakini ukiununua ukasahau kuifunika ile koki ya kambi, mpira utakuwa na joto lake, koki itakuwa na barafu yake, na wewe utakuwa na sufuria kavu.

Hayo ni maji ya kuingia. Ya kutoka ndiyo yana kesi.

Kila kambi ina mzee mmoja. Siku mambo yako yakienda vizuri humwoni. Siku umepiga magoti nyuma ya gari, umevaa glavu za mpira, shavu limegusa theluji, unaivuta koki ya tangi la choo nayo haitaki, hapo ndipo utasikia viatu vinakuja taratibu na kusimama.

"Kijana, imeganda?"

"Imeganda, mzee."

"Ulikuwa umeifunga?"

"Nilikuwa nimeifunga."

"Ndiyo hapo sasa! Iache wazi, mambo yawe yanajiendea yenyewe."

Kisha mzee anachuchumaa. Mzee akichuchumaa, ujue kikao kimefunguliwa.

Sasa hebu tuelewane. Koki ya tangi la choo ikiachwa wazi, maji peke yake ndiyo hujiendea. Yale mengine hayana safari. Yanabaki, yanajipanga chini ya bomba la choo, yanapanda, yanakauka, na kuyaondoa ni kazi ya siku nzima. Tena wakati wa baridi yale maji yanayotiririka kidogo kidogo huganda ndani ya mpira wa taka, tabaka juu ya tabaka, mpaka mpira wote umeziba. Koki ifungwe. Tangi likifika kama theluthi mbili, fungua yote kwa mkupuo mmoja: la choo kwanza, halafu la maji ya sinki na kuogea, ili hayo ya pili yasafishe njia. Kisha mpira unafunguliwa, unamwagwa, unawekwa. Unamweleza mzee yote haya ukiwa bado umelala ubavu. Anakusikiliza kwa huruma.

"Basi mwagia maji ya moto. Yanayochemka."

Koki hiyo ni ya plastiki, mzee. Plastiki iliyoganda ukiimwagia maji yanayochemka inapasuka, na koki ya tangi la choo iliyopasuka haina mjadala. Maji ya uvuguvugu, kitambaa, na subira. Wala usivute mpini kwa nguvu, kwa sababu hutoka peke yake, ukabaki umeushika mkononi na koki imefungwa palepale.

"Subiri," anasema mzee, na anaondoka. Hilo "subiri" ndilo la kuogopa. Anarudi na mashine ya kukaushia nywele, ya mkewe, na waya mrefu, na kabla hujasema neno ameshachomeka kwenye soketi ya nje ya gari lako.

Hesabu ni hii. Nguzo ya umeme ya kambi, ya ampea 30, kwa volti 120 inatoa wati 3,600, basi. Ndani kuna hita ndogo ya umeme, wati 1,500. Tangi la maji ya moto limewashwa kwa umeme, karibu wati 1,400. Mzee analeta wati nyingine 1,500 za nywele. Jumla imepita. *Tap!* Giza ndani, hita kimya, na ndani ya gari inasikika sauti ya mtu aliyekuwa amejipaka sabuni.

"Umeme wa kambi hii mbovu," anasema mzee.

Na si hayo tu. Mzee huyuhuyu ndiye aliyetangaza kambi nzima kwamba tanuri la gesi, lile la kupasha gari joto, linakula mitungi, watu watumie hita za umeme maana umeme wa kambi umeshalipiwa. Ukisikia hivi unaona ni busara. Lakini kwenye karavani nyingi za msimu wa baridi, tanuri la gesi halipashi chumba peke yake. Lina njia inayopeleka hewa ya moto chini ya sakafu, kwenye matangi na mabomba. Hita ya umeme inakupasha wewe, kipimajoto cha ukutani kinaridhika, tanuri haliwaki, na huku juu umevaa fulana chini mabomba yanaganda moja baada ya jingine. Nusu ya kambi ilimsikiliza. Nusu hiyo ndiyo inayopiga magoti asubuhi.

Basi unarudisha swichi ya nguzo, unazima vitu viwili, mashine ya nywele inavuma, dakika kumi, ishirini, na koki inaanza kulegea. Hapo, hapo hasa, kabla ya kuvuta, unakagua kiungio cha mpira wa taka: masikio yake yote, yale yanayoubana kwenye bomba, yawe yameshika, si moja. Unataka kukagua. Mzee anasema, "Ngoja nikusaidie," anavuta mpini.

Sikio moja ndilo lilikuwa limeshika.

Mzee aliyekuwa analalamika goti tangu kikao kifunguliwe, ungemwona alivyoruka! Mashine ya nywele hakuirudia mpaka leo.

Uhuru! Andika tena hilo neno, shemeji.

Na gesi. Mtungi wa ratili 20, kama kilo 9, ukiwasha tanuri la BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) bila kupumzika unaisha kwa saa kumi na nne hivi. Ukiisha hauishi mchana. Unaisha saa kumi alfajiri, baridi ikiwa imekolea, na anayetoka kubadilisha ni wewe. Feni ya tanuri nayo inakunywa ampea kama saba, kwa hiyo betri ya kawaida ya ampea-saa 100, ambayo hutakiwi kuishusha chini ya nusu, inaweza kukuacha kabla ya gesi. Ukasema ununue ya lithiamu? Hiyo ikishuka chini ya nyuzi sifuri haitakiwi kuchajiwa. Jua linawaka, paneli inazalisha, betri imegoma kula. Iweke ndani unakolala, ikalale joto kukushinda.

Unyevu sina hamu nao. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na vile vihita visivyo na bomba la moshi vinakumwagia yote humo humo chumbani. Godoro linalowa kwa chini, ukungu unaota nyuma ya kabati. Dawa yake ni kuacha tundu la paa wazi upana wa kidole. Ndiyo, unanunua joto kwa mtungi halafu unalifungulia mlango. Na kengele ya gesi ya sumu usiitoe betri eti inakupigia kelele.

Tairi: kila baridi ikishuka nyuzi sita za Selsiasi, presha inapungua karibu psi moja, kile kipimo cha upepo wa tairi. Pima asubuhi kabla ya kuondoka.

Wenye akili wanakimbilia kusini mwa Marekani, Arizona, jangwa la Quartzsite. Ardhi ya umma, siku 14 bure ndani ya siku 28, halafu hama. Usiyetaka kuhamahama kuna maeneo ya kukaa msimu mzima, Septemba 15 hadi Aprili 15, kwa kibali ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 180. La Posa, mojawapo ya maeneo hayo, kuna maji na pa kumwaga taka. Usiku mwingine huganda huko pia, usidanganywe na jangwa, ila si kila usiku.

Tena pale Quartzsite kuna kaburi la Hadji Ali, wenyewe walimwita Hi Jolly, aliyefariki 1902. Piramidi ya mawe na ngamia juu. Jeshi la Marekani lilileta ngamia Texas mwaka 1856, wabebe mizigo jangwani, na yeye akaja kuwachunga. Ngamia walibeba vizuri tu, wakavuka palipowashinda nyumbu wa mizigo. Tatizo likawa watu: askari hawakupenda harufu yao, nyumbu nao wakawa wanawakimbia. Mradi ukafa, ngamia wakauzwa, wengine wakaachiwa porini. Mnyama anakaa siku nyingi bila kunywa, hana koki, hana mpira, hana kiungio, eti wakamkataa kwa sababu ya harufu. Harufu! Hao askari waletwe La Posa siku ya kumwaga.