Huku Ughaibuni, Adui wa Nje Ni Mimi

Mzee ninayemhudumia zamu za usiku ana miaka 86. Saa kumi na moja alfajiri namwinua, namkalisha ukingoni mwa kitanda, namvisha soksi. Asubuhi moja ya Agosti 2024, nikiwa bado natafuta kisigino, yeye alikuwa anatazama televisheni isiyo na sauti. Ilionyesha picha za jana yake: hoteli moja nje kidogo ya Rotherham, Uingereza, si mbali na hapa ninapoishi, watu wanavunja madirisha na kujaribu kuiwasha moto kwa sababu ndani yake walikuwemo waomba hifadhi. Mzee akatikisa kichwa.

"Wageni wanaimaliza nchi hii," akasema. Halafu akakumbuka soksi zipo mikononi mwa nani. "Si wewe lakini. Wewe mtu mzuri."

Nikamshukuru. Ningemjibu nini?

Vurugu zile zilianza baada ya mabinti watatu kuuawa kwa kisu mjini Southport, Julai 29. Uvumi ukaenea kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyekuja kwa boti. Kumbe ni kijana aliyezaliwa Cardiff, palepale kwao. Polisi walilisema hilo mapema, lakini mawe yalitupwa siku kadhaa. Sisi wa zamu tuliambiwa tufunike sare kwa koti na tusirudi nyumbani mtu mmoja mmoja. Nikiwa kituoni nasubiri basi nimefunga zipu hadi kidevuni, ndipo nilipoanza kuyatafakari maneno niliyokulia nayo Tanzania. Maana nyumbani nilifundishwa kumwogopa adui wa nje. Huku nimekuwa yeye.

Tuwe wa haki kwanza. Adui wa nje yupo, na Tanzania ilishamwona kwa macho. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na Aprili 11, 1979 Kampala ikawa imeanguka. Adui wa namna ile hana fumbo. Anakuja na vifaru, na siku anapoondoka unajua kaondoka.

Lakini ni Mwalimu huyohuyo aliyetutajia, tangu tulipopata uhuru, maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye pasipoti. Sijui lini hasa tuliwaacha hao tukahamia kwa mabeberu. (Beberu ni mbuzi dume, na kwa kweli neno hilo popote linapopita huacha harufu.)

Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapotoka kila mwaka, lazima mtu arushe ukurasa mmojawapo: miradi iliyolipiwa na haipo, mikataba isiyo na kichwa wala miguu. Na lazima Baba mdogo ajibu: "Msishabikie, hizo ni kazi za mabeberu." Baba mdogo si mjinga. Ameona dhahabu ikichimbwa kwa mrabaha wa asilimia 3 miaka na miaka, na mwaka 2017 aliona makontena ya makinikia, ule mchanga wa madini, yakizuiwa akashangilia kama harusi. Nami nilishangilia. Ila sheria ya madini ya 1998 iliyouweka mrabaha huo ilipitishwa na Bunge letu, kwa Kiingereza kibovu au kizuri, na wabunge tuliowachagua wenyewe. Mwekezaji alikuja na njaa yake, ndiyo, hilo sibishi. Lakini ukimkuta fisi sebuleni, swali la kwanza ni mlango aliufungua nani.

Mfano ninaoupenda ni wa rada, kwa sababu una mguu mmoja huku na mwingine kwetu. Kampuni ya Uingereza, BAE, ilituuzia rada kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Waziri wa Uingereza wa misaada wakati huo, Clare Short, aliipinga biashara hiyo ndani ya serikali yake mwenyewe, akashindwa. Baadaye ikaja kujulikana kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilipitia kwa dalali, karibu theluthi moja ya bei. Desemba 2010 mahakama ya London iliipiga kampuni faini ya pauni 500,000 kwa kutoweka vizuri kumbukumbu za hesabu, na ikakubaliwa Tanzania irudishiwe pauni milioni 29.5. Fedha hizo zikaja kununua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Sasa hapo beberu ni nani? Aliyeuza ni Mwingereza. Aliyepiga kelele kwamba tunaibiwa, naye Mwingereza. Kesi ikafunguliwa London. Kwetu, walikokaa watoto sakafuni wakati wote huo, hakuna hata mmoja aliyefungwa kwa rada ile.

Msinielewe kwamba huku ni kwa malaika. Wasimamizi wa posta ndogondogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015 kwa sababu mfumo wa kompyuta ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wengine walifungwa, wengine wakafa na doa lao. Wenye vyeo walijua mapema kuwa mfumo una kasoro wakanyamaza. Na mwaka 2016 watu hawahawa waliaminishwa kwamba shida zao zinatoka Brussels. Wakatoka Umoja wa Ulaya. Foleni za hospitali zimerefuka, na sasa anayelaumiwa ni wa kwenye boti.

Tofauti ninayoiona ni nyembamba, ila ni kubwa kwangu. Wale wa posta walipolalamika waliitwa wezi, lakini hakuna aliyewaambia wametumwa. Kwetu hilo ndilo jibu la kwanza. Profesa Mussa Assad, akiwa CAG, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa akasema Bunge linaonyesha udhaifu katika kufanyia kazi ripoti zake. Aliitwa kuhojiwa, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Kosa lililosemwa zaidi mitaani halikuwa uongo. Kosa lilikuwa kayasemea nje. Kikulacho ki nguoni mwako, tunajua sote, lakini kumtafuta chawa lazima uvue nguo, na sisi tunaona bora kuwashwa kuliko kuvua.

Nami nina chawa wangu. Likizo ya 2022 nilifuatilia hati ya kiwanja chetu katika ofisi moja. Nilikwenda siku nne. Siku ya nne kijana wa dirishani, mpole kabisa, alilivuta faili letu hadi katikati ya meza, akaliacha hapo, akaanza kunipa pole za safari. "Braza, hili faili lina safari ndefu kuliko yako. Jiongeze." Nilikuwa na ndege Alhamisi. Nikajiongeza noti tano za elfu kumi ndani ya bahasha ya kaki, na faili likasogea upande wa pili wa meza, kama sentimita arobaini hivi. Sikumwona Mzungu pale. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na bendera ndogo ya mezani.

Wiki iliyopita niliandika kundini habari hii ya rada, kwa adabu, nikaanza na shikamoo. Baba mdogo akajibu kwa sauti ya kurekodi, dakika mbili nzima: mwanangu, huko ulikokwenda wameshakubadilisha, umekuwa mwenzao, uliza moyo wako nani kakutuma. Watu wakaweka vidole gumba.

Kesho yake akanitumia ujumbe wa pembeni. Hati bado. Yule bwana wa ofisini anasema tujiongeze tena kidogo, je, nina chochote cha kutuma?

Nikamuuliza: "Baba mdogo, na huyo katumwa na nani?"

Tiki mbili za bluu zipo. Jibu bado.