Klasi ya bili isisafiri na bili

Fungua ujumbe ambao taasisi hutuma GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ya Tanzania, kuomba namba ya malipo. Utakuta XML, yaani data iliyoandikwa ndani ya tagi zinazoitaja, yenye sahihi ya kidijitali. Sahihi hutiwa juu ya maandishi yenyewe, herufi kwa herufi. Nafasi moja ikiongezeka baadaye, au 50000 ikawa 50000.00, haikubaliki tena. Ndiyo maana swali la zamani la waandishi wa programu lina uzito hapa: maktaba, yaani programu iliyoandikwa tayari, itugeuzie objekti (data ilivyo ndani ya programu) kuwa XML na kuirudisha, au tuijenge XML kwa mkono?

Wanaotetea maktaba wana hoja nzito. Kwenye Java, maktaba ya JAXB inataka alama chache tu juu ya klasi, ile ramani ya kuundia objekti, basi. Mteja akiitwa “Juma & Wanawe”, ile & itaandikwa &amp; bila wewe kukumbuka. Anayeunganisha vipande vya maandishi kwa mkono hukumbuka siku ujumbe umekwama, na siku hiyo huwa Ijumaa jioni. Nimewahi kuwa mtu huyo. Ukipewa skima ya XSD, faili linaloeleza tagi zinazotakiwa, chombo cha xjc kitakuandikia klasi zote. Ujumbe wa kibenki wa ISO 20022, wenye matawi ndani ya matawi, sitamani kumwona mtu akiuandika kwa mkono.

Lakini objekti ni mtandao, XML ni mti. Mteja ana orodha ya bili, kila bili inamrejea mteja wake: JAXB ikikuta mzunguko huo inagoma na kutoa kosa. Afadhali, maana kosa hilo linapiga kelele. Yanayonitisha ni ya kimya. Tagi ya ndani ikikosewa herufi, JAXB kwa kawaida yake inaipita tu, na thamani inabaki tupu bila onyo. Fildi isiyo na thamani haiandikwi kabisa, hata kama mpokeaji anataka tagi iwepo. Namba ya simu iliyowekwa kama namba kamili inapoteza sifuri ya mbele. Na bili ya 1 Julai saa sita usiku, ikigeuzwa kuwa saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, inakuwa ya 30 Juni saa tatu usiku: mwaka wa fedha uliopita! Mhasibu hatakuelewa.

Usalama nao si hadithi. Septemba 2017 Apache Struts, mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa Java, ilitangaza udhaifu CVE-2017-9805: sehemu yake ya REST, inayopokea maombi kutoka programu nyingine, ilitumia maktaba ya XStream kugeuza XML kuwa objekti bila kuchuja aina zake, hivyo aliyetuma XML ya hila aliweza kuendesha amri kwenye seva.

JAXB yenyewe iliingia ndani ya Java 6 mwaka 2006, ikaondolewa kwenye Java 11 mwaka 2018, kisha jina la pakiti, yaani fungu la klasi zake, likahama kutoka javax kwenda jakarta. Aliyekuwa ametapanya alama zake kwenye klasi zote za biashara alizigusa zote.

Hata hivyo sioni kwamba kosa ni la maktaba. Kosa ni kuipa klasi moja kazi mbili, ya kukaa kwenye hifadhidata na ya kusafiri. Mwenzako anabadilisha jina la fildi kwa sababu zake za ndani, na ujumbe wa nje unabadilika bila yeye kujua. Mimi naandika klasi za safari peke yake, nyembamba, zinazomfuata mpokeaji tu. Kuhamisha thamani kutoka huku kwenda kule kunachosha, na kwa ujumbe wa tagi nne ni kupoteza muda; hapo kiolezo kinachojua kushughulikia & kinatosha.

XML ikishatoka kwenye maktaba naishika kama maandishi, naitia sahihi, naituma ile ile. Inayoingia, sehemu yenye sahihi naikata kutoka kwenye maandishi yalivyofika na kuihakiki. JAXB naiita baada ya hapo, kamwe si kabla.