Chupa Mbili, Jina Moja

Mimi ni nasi wa shule ya bweni ya wasichana upande wa Kakamega, jina la shule tuliache hapo hapo, bado nataka mshahara. San yetu, yaani chumba cha wagonjwa, ni chumba kimoja, vitanda vinne na kabati ya Panadol, halafu kuna kabati ya pili ambayo hujaa kila wazazi wakishatembelea. Humo kuna mwarobaini, kuna mzizi wa mukombero wa kutafuna, kuna unga mweusi kwa karatasi ya daftari, na ukiuliza ni dawa ya nini jibu ni moja tu, "ya tumbo Sista." Nikamkuta mmoja anakunywa usiku wa kuamkia mtihani wa hesabu, nayo ilikuwa ya tumbo.

Sina ugomvi na mwarobaini, nimelelewa nao, mamangu alikuwa anatushika pua ndio tumeze. Shida yangu ni mtoto kunywa dawa ya kukhu, yaani nyanya yake, asubuhi na yangu jioni, kesho akianza kutapika sijui nianzie wapi.

Sasa siku hiyo akaja msichana wa kidato cha pili, anaumwa chini ya kitovu, akienda haja ndogo inachoma. Nikamtoa tone la damu, tukangoja zile dakika 15, malaria hakuna. Nikamwambia alete mkojo nipeleke dispensari ukapimwe. Vile vikopo vya sampuli vilikuwa vimeisha tangu mhula uanze (nimeandika barua tatu, sitaki kuongea), kwa hivyo nikampa chupa ya maji ya nusu lita, safi, nimeisuuza mwenyewe na maji moto. Akarudi nayo. Na mkono ule mwingine, kwa kuogopa macho yangu, akatoa kwa sweta chupa nyingine ya nusu lita, kifuniko cha bluu vile vile. "Na hii ni ya kukhu, nimekuwa nikikunywa."

Nikachukua plasta nikaandika jina lake kwa chupa ya kwanza. Nikachukua plasta nikaandika jina lake kwa chupa ya pili. Si zote ni zake? Hapo nilijiona niko makini kweli kweli.

Halafu kukatokea kelele ya mtoto amefinywa kidole na mlango wa bweni, nikakimbia, kurudi boda ako kwa geti anapiga honi, nikamkabidhi chupa yenye jina.

Baada ya nusu saa simu inalia, ni kijana wa maabara, na sauti yake haiko sawa. "Sista, huyu mgonjwa ako wapi?" Nikamwambia ako darasani. "Ako DARASANI?" Ati mkojo ni kahawia kama chai ya rangi imechemshwa mara mbili, una vijiti vijiti chini, na ile karatasi ya kupima yenye viraka 10 imegeuka rangi moja yote, hajawahi kuona. Akaniuliza kama nimewahi kusikia malaria ile ya mkojo mweusi. Ndugu zangu, miguu iliniisha. Kile kipimo changu kimesema hakuna malaria, lakini hapo nani anaamini kipimo?

Nikatoka mbio kumtafuta, darasani hayuko, nikampata uwanjani anacheza netiboli, tena amefunga. Nikamshika mkono, "Usikimbie! Usitumie nguvu!" anasema Sista niko sawa, namwambia nyamaza usimalize pumzi. Gari la shule limeenda kuchukua maharagwe. Tukapanda boda moja watu watatu, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia nikimuombea kwa sauti mpaka dereva naye akaanza kusema amina.

Kule dispensari wakachukua mkojo mpya. Ukatoka wa njano, mzito kidogo, na kaambukizo kadogo ka kawaida ka kibofu. Kijana wa maabara anaangalia mkojo, ananiangalia mimi. "Ulimpa nini?" Nikasema nilimpa Panadol. Aibu yangu ni kwamba nilisema hivyo nikitabasamu.

Kumbe huku nyuma Dipti, naibu wa mwalimu mkuu, alishapiga simu nyumbani kwamba mtoto ako hali mbaya. Tukirudi, kukhu ameshafika, ameketi kwa ofisi ya Dipti na leso yake na mkoba, na Dipti anamhutubia kuhusu mitishamba. Kwa meza kuna ile chupa iliyobaki, ameitoa san mwenyewe. Akaniambia mbele ya mgeni, "Sista, nimeichunguza. Iko na mukombero, na kitu kingine kikali kina chumvi chumvi."

Sikuelewa haraka. Nikaichukua ile chupa kwa ukali wote wa kazi yangu, nikamwekea mama mzee mbele. "Kukhu, hii dawa uliyompa mtoto, iko na nini ndani?"

Akaifungua. Akanusa. Akaiinua kwa dirisha akaitazama na mwangaza, polepole, vile watu wa zamani wanatazama maziwa. Akafunga kifuniko akakaza.

"Mwana wanje, hii si dawa yangu. Yangu ni maganda ya mwarobaini, ni nyekundu. Hii ni mkojo." Akanyamaza kidogo. "Na mwenye huu mkojo hakunywi maji. Mnawapa maji hawa watoto?"

Msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba wao wakishakula jioni hawakunywi, choo kiko mbali na usiku wanaogopa.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu kukhu alikuwa amemgeukia Dipti, na kwa upole kabisa akamuuliza, "Mwalimu, hiyo chumvi uliijuaje?"

Dipti akaangalia kidole chake. Akasema anakuja. Tukasikia mfereji nje ukifunguliwa, na ulikaa umefunguliwa.